VAGONI AO RELI?
Masomo ambayo wajenzi wa treni ndogo wanatufundisha juu ya makosa yetu

Treni ikitoka reli, watu wanakimbia kuangalia. Ulizo lao la kwanza ni lipi? Mara nyingi ni hili: "Nani alikuwa anaendesha?" Ni wachache wanaoinama kuangalia reli. Wachache zaidi wanaangalia magurudumu ya vagoni ile iliyoanguka ya kwanza. Tunapenda kupata mtu wa kulaumu mbio mbio, kisha kila mmoja anarudi nyumbani. Kesho yake treni ingine inaanguka fasi ileile.

Katika dunia kuna watu wanaojiuliza maulizo hayo kila juma, tena bila mtu kuumia. Hao ni wajenzi wa treni ndogo. Wanajenga juu ya meza, ndani ya chumba ao garaji, njia nzima ya reli: kuna kituo, daraja, mlima, nyumba na miti, na treni zinatembea kwa umeme.

Wewe kijana utasema: "Je, bantu bazima banacheza na treni ya batoto?" Ndiyo, lakini usicheke mbio. Kazi hii inaomba useremala, hesabu, umeme, rangi, na zaidi ya yote uvumilivu. Na hakuna mjenzi hata mmoja aliyeifanya bila kukosa. Kule Hamburg, Ujerumani, kuna nyumba inaitwa Miniatur Wunderland. Mapacha wawili, Frederik na Gerrit Braun, waliifungua mwaka 2001. Ndani yake mumetandikwa zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo, na wageni wanatoka inchi nyingi kuiona. Je, pale treni hazianguki? Zinaanguka! Ndiyo maana kuna chumba ambamo watu wanakaa mbele ya vioo vya kamera, wanachunga njia yote, na treni ikitoka reli mmoja anakwenda kuirudisha.

Basi, somo letu la mwezi huu si namna ya kuishi bila kukosa. Ni namna ya kulitafuta kosa fasi lilipo kweli, na kulitengeneza wakati bado ni la bei ndogo.

KWANZA TUELEWE KIPIMO

Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni zake ndogo katika soko kubwa la Leipzig mwaka 1891. Upana wa reli zake ulikuwa umepangwa, hata mtu aliweza kununua kipande kingine baadaye na kukiunganisha na kile cha zamani. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kila kampuni iliendelea na vipimo vyake, na magurudumu ya huyu hayakufaa juu ya reli za yule. Mwaka 1935 wapenzi wa treni ndogo wa Marekani waliunda chama chao, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kupatanisha vipimo.

Kipimo kinachopendwa sana leo kinaitwa HO. Ndani yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mwanaume mwenye urefu wa sentimita 174 anakuwa kamtu ka sentimita 2. Reli nyingi za Ulaya zina nafasi ya milimita 1435 kati ya reli mbili. Ukigawanya kwa 87 unapata karibu milimita 16,5. Hiyo ndiyo nafasi ya reli za HO.

Sasa chukua kartasi na kalamu. Reli zetu za Katanga, zile zilizofika Lubumbashi mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, zina nafasi ya milimita 1067. Gawanya kwa 87: unapata karibu milimita 12. Maana yake nini? Ukitengeneza vagoni ya kwetu kwa kipimo cha HO, haiwezi kukaa juu ya reli za HO. Vagoni yako ni nzuri, na reli ni nzuri, lakini hazikuzaliwa pamoja. Wajenzi wa Afrika Kusini, ambao reli zao ni za milimita 1067 kama zetu, wengi wamepata dawa: wanapunguza treni mara 64 tu. Gawanya mwenyewe 1067 kwa 64, utapata karibu milimita 16,7. Sasa vagoni inakaa juu ya reli za dukani.

Angalia vema: hesabu ya dakika mbili inaokoa kazi ya miezi mingi.

KOSA LA KWANZA: NDOTO KUBWA KULIKO CHUMBA

Mtu anaona picha ya kazi ya fundi wa miaka 30, na siku ileile anataka kujaza chumba kizima. Ananunua mbao nyingi, anafunga meza pana kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Kisha mwaka mmoja, reli ziko nusu, mlima ni waya mtupu, na vumbi imefunika vyote. Moyo umekufa.

Tena kuna shauri la mkono. Mkono wa mtu mzima unafika karibu sentimita 75 hivi kutoka ukingo wa meza. Zaidi ya pale inaomba kulala juu ya meza na kuvunja nyumba ndogo kwa tumbo. Lakini wanaoanza wanafunga meza ya upana wa mita 1 na sentimita 20 na kuisukuma ukutani. Treni ya kwanza inaanguka wapi? Nyuma kabisa, karibu na ukuta, fasi mkono haufiki!

Marekani alikuwako fundi mmoja mashuhuri, John Allen, wa muji wa Monterey katika jimbo la California. Njia yake ya reli aliiita Gorre & Daphetid, jina la mchezo: ukilisoma kwa sauti linasikika kwa Kiingereza kama "yenye damu na iliyoshindwa". Mtu aliyejua kucheka kushindwa kwake mwenyewe! Katika miaka ya 1940 alianza na meza moja ndogo, karibu mita 2 kwa mita 1. Alimaliza ile kwanza. Baadaye alipojenga kazi kubwa iliyojaza chumba cha chini cha nyumba yake, hakuitupa meza ya kwanza, aliiingiza ndani ya ile kubwa. Allen alikufa mwaka 1973, na siku chache kisha kifo chake moto uliharibu sehemu kubwa ya kazi ile. Lakini picha na maandiko yake yalibaki, na mpaka leo wajenzi wanajifunza kwake.

Somo: anza na kidogo unachoweza kumaliza. Kidogo kilichomalizika kinaweza kuingia ndani ya kikubwa. Kikubwa kisichomalizika hakiingii popote.

KOSA LA PILI: MLIMA BILA HESABU

Kila mjenzi anapenda kuona treni moja inapita juu ya ingine. Inapendeza sana. Basi anajenga daraja, na mashini inafika katikati ya mlima, magurudumu yanazunguka bure, vagoni zinarudi nyuma. Anasema: "Mashini hii ni mbaya, wameniibia." Ananunua mashini ingine. Nayo inashindwa.

Tufanye hesabu pamoja. Katika HO, ili treni moja ipite juu ya ingine, inaomba reli ya juu ipande karibu sentimita 8. Mlima mzuri kwa treni ni wa sentimita 2 kwa kila mita 1. Basi sentimita 8 zinaomba mita 4 za kupanda. Kama treni inarudi chini, ongeza mita 4 za kushuka. Jumla mita 8. Sasa pima meza ambayo wengi wanaanza nayo: urefu mita 2 na sentimita 40, upana mita 1 na sentimita 20. Reli inayozunguka meza hiyo yote ni karibu mita 6 tu. Mita 8 haziwezi kuingia ndani ya 6! Mtu anayelazimisha anapata mlima wa sentimita 3 ao 4 kwa mita, na mashini inaweza kuvuta vagoni chache tu.

Shauri la kona ni vilevile. Vagoni ndefu ya abiria inapenda kona pana: kutoka katikati ya duara mpaka reli, sentimita 60 ao zaidi. Lakini juu ya meza ya upana wa sentimita 120, sentimita 60 zinaweka reli juu ya ukingo kabisa, na vagoni inaanguka chini kwenye simenti. Mwenye hekima anapima kwanza, kisha anachagua mashini fupi na vagoni fupi zinazofaa meza yake. Asiyepima ananunua vagoni ndefu sababu ni nzuri kwa macho, kisha anaigombeza kila siku.

Kupanga ni kazi ya kartasi. Kosa la kartasi unalifuta kwa gome. Kosa la mbao linaomba msumeno.

KOSA LA TATU: KUFUNIKA KABLA YA KUJARIBU

Hili, mpenzi msomaji, ndilo kosa linalolipwa bei kubwa kuliko yote.

Mjenzi amemaliza kutandika reli. Fasi moja, pale vipande viwili vinapokutana, kuna kapengo kadogo na kona kidogo. Jicho halioni vizuri, lakini ukipitisha kidole unasikia. Treni imepita mara mbili bila shida. Rafiki zake watakuja kesho, na anataka waone milima na miti. Basi anachanganya plasta, ile inayotumika hospitalini kufunga mguu uliovunjika, anafunika reli ndani ya tuneli, anapaka rangi, anapanda miti. Rafiki wanapiga makofi.

Juma linalofuata treni inaingia ndani ya tuneli, na haitoki.

Sasa afanye nini? Mkono hauingii. Lile lililoomba nusu saa ya koleo na kidole, sasa linaomba kuvunja mlima wote. Wengine hawana moyo wa kuvunja. Wanaanza kuishi na kosa: wanapunguza mwendo fasi ile, wanaondoa vagoni fulani, wanawaambia wageni, "Upande ule hatupiti leo." Mwisho hawachezi tena. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mafundi wanafuata sheria nne kabla ya kufunika:

1. Wanapitisha kidole juu ya kila kiungo cha reli. Kidole ni mwaminifu kuliko jicho.

2. Wanaacha nafasi ndogo, kama unene wa kartasi, katika viungo vingine. Mbao zinavimba wakati wa mvua na kujikaza wakati wa kiangazi, na reli zinarefuka kwa joto. Pasipo nafasi, reli zinajikunja. Njia nyingi za reli za kweli pia zimejengwa hivyo: ile sauti ya tak-tak, tak-tak unayosikia ukisafiri kwa treni ni magurudumu yanayopita juu ya viungo vile.

3. Wanaendesha treni polepole, kisha kwa mwendo, kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Tena wanasukuma vagoni badala ya kuzivuta. Kuvuta kunaficha makosa mengi, kusukuma kunayafunua. Wanafanya hivi siku nyingi, si jioni moja.

4. Wanajenga mlima ambao unaweza kuinuliwa, ao wanaacha mlango upande wa nyuma ili mkono uingie. Hawafanyi hivyo kwa sababu wana mashaka juu ya kazi yao. Wanajua tu ya kuwa siku moja kitu kitaanguka ndani.

KOSA LA INE: WAYA BILA ALAMA

Onyo kwanza kwa vijana. Treni ndogo nyingi zinatembea kwa umeme mdogo wa volti 12 hivi. Umeme wa prizi ya nyumbani ni volti 220, na unaua. Kati ya hizo mbili kuna transfo. Usifungue transfo. Usijaribu kamwe kuunganisha reli, wala kitu cha kuchezea, na prizi. Katika jambo hili hatuwezi kusema "nitajifunza kwa makosa," sababu kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho.

Sasa turudi kwenye meza. Reli moja inabeba umeme wa upande mmoja, na reli ingine upande wa pili. Ikiwa njia inazunguka na kujirudia yenyewe kama kitanzi, reli ya kuume inakutana na reli ya kushoto, umeme unagongana, na vyote vinazimika. Wengi wanafikiri transfo imekufa, wanakwenda kununua ingine. Kumbe transfo ni nzima, ni njia iliyochorwa vibaya. Dawa yake ni kukata reli fasi mbili ili kitanzi kiwe na umeme wake peke yake.

Shida ingine ni waya. Chini ya meza waya zinakuwa nyingi sana, na mtu anayefanya haraka anatumia waya yoyote aliyoipata, rangi yoyote, bila kuandika. Siku ya kwanza anakumbuka zote. Kisha miezi sita, umeme umekatika fasi fulani, na yeye amelala chini ya meza akiangalia waya 40 zinazofanana.

Mwenye akili anachagua rangi moja kwa upande mmoja na rangi ingine kwa upande wa pili, anafunga kakartasi kenye namba juu ya kila waya, na namba zote anaziandika ndani ya kaye. Tena, akitafuta kosa, hagusi ovyo ovyo. Anagawanya. Tuseme njia yake ina sehemu 16. Anakata umeme wa sehemu 8 na kujaribu. Kosa likiwa bado, liko ndani ya 8 zinazobaki; likitoweka, liko ndani ya zile alizozikata. Anagawanya tena: 4, kisha 2, kisha 1. Majaribio manne tu, na amelipata. Anayebahatisha anaweza kujaribu mara 15.

Usidharau akili hii. Katika shule kubwa ya MIT, kule Marekani, wanafunzi waliunda chama cha treni ndogo mwaka 1946. Baadhi yao walipenda zaidi kukaa chini ya meza kuliko juu yake. Walijenga mfumo mkubwa wa kuongoza treni kwa vyombo vya telefone. Wakati ordinateri za kwanza zilipofika katika shule ile, vijana wa chama hicho walikuwa kati ya wale wa kwanza kuzipenda na kujifunza kuziamuru. Kutafuta kosa katika waya kulikuwa kumeshawafundisha kufikiri kwa mpango.

VAGONI AO RELI?

Sasa tumefika kwenye kiini cha mambo. Treni imeanguka. Mafundi wa treni ndogo wana namna rahisi ya kujua kosa liko wapi, nayo haina hasira ndani yake. Wanashika kaye na kuandika vitu viwili tu: vagoni gani imeanguka, na imeanguka fasi gani. Hawabadilishi kitu bado. Wanaandika mara tano, mara kumi. Kisha wanasoma.

Kama vagoni ileile inaanguka fasi nyingi, angalia vagoni. Labda magurudumu yake yamekaribiana mno, ao ni nyepesi mno, ao haikai sawa.

Kama vagoni mbalimbali zinaanguka fasi ileile, angalia reli. Acha kuzigombeza vagoni.

Kama vagoni moja inaanguka fasi moja tu, na popote pengine inatembea vizuri, na vagoni zingine zinapita pale bila shida, basi hazipatani. Vagoni ndefu na kona kali: kila moja ni nzima, lakini hazifai pamoja. Chagua: panua kona, ao pitisha vagoni ile njia ingine.

Hata ikiwa kosa ni la vagoni, fundi haitupi. Anaigeuza, anapima magurudumu, anayasogeza nusu milimita, anaongeza uzito kidogo. Nusu milimita! Kwa kosa dogo vile wengine wangeitupa katika takataka.

Wazazi, hapa tuseme ukweli. Nyumbani tunafanya namna gani? Mtoto analeta buletini, ameanguka katika hesabu. Mbio fimbo. Lakini umeuliza kama darasa zima limeanguka katika hesabu? Kama wanafunzi 30 kati ya 40 wameanguka fasi moja, utawapiga wote 30? Kosa liko katika reli: labda mwalimu alikuwa mgonjwa miezi miwili, labda hakuna kitabu. Na kama mtoto wako peke yake anaanguka katika masomo yote, basi yeye ndiye wa kuangaliwa karibu, lakini kuangaliwa si kupigwa. Pengine haoni ubao vizuri. Pengine anakwenda shuleni bila kula. Na kama anaanguka kwa somo moja tu huku wengine wanapita, ni nusu milimita inayotafutwa, si maisha yake yote.

Katika kazi ni vilevile. Katika migodi, ateliye na viwanda vyetu, mtu mmoja akiumia mkono, tunasema hakuwa mwangalifu. Labda. Wa pili akiumia palepale, tuanze kuandika. Wa tatu akiumia palepale, na bado tunasema "hawa watu hawasikii," basi sisi ndio hatusikii. Fasi ile ndiyo yenye kosa: mashini haina kizuizi, ao ngazi inateleza, ao taa imekufa. Kumlaumu mtu ni rahisi, haiombi hata spana. Lakini wa ine atakuja.

Ninyi vijana pia, msigeuze somo hili kuwa maneno ya kujitetea. Wengine watafurahi: "Unaona, Baba, kosa ni la reli!" Polepole. Andika kwanza. Kama umegombana na rafiki mmoja, labda ni yeye. Kama umegombana na rafiki wote, katika kila mtaa ulioishi, vagoni ni wewe.

MCHUNGAJI ALIYEJENGA TENA NA TENA

Kule Uingereza alikuwako mchungaji wa Kanisa la Anglikana, Peter Denny. Kisha vita ya pili ya dunia alianza kujenga njia ndogo ya reli aliyoiita Buckingham. Aliijenga kama vile mwaka ungekuwa 1907: mashini za wakati ule, nguo za abiria za wakati ule. Hakuwa tajiri. Vitu vingi alivitengeneza kwa mikono yake, kwa karatasi ngumu, mbao na vyuma vidogo vidogo.

Buckingham ya kwanza haikumridhisha. Aliibomoa, akajenga tena. Ile nayo aliibadilisha. Katika miaka yote ya maisha yake aliijenga upya zaidi ya mara moja, na kila mara aliokoa vile vilivyokuwa vizuri na kuacha vilivyokuwa vibaya. Mtoto wake Crispin alikuwa akimsaidia kuongoza treni. Wakati mtoto hakuwepo, baba alitengeneza mashini ya kufanya kazi ile, akaiita "Crispin wa Mashini". Pasta Denny alikufa mwaka 2009, na treni zake zilipata watunzaji walioendelea kuziendesha.

Mtu huyu anatuonyesha ya kuwa kubomoa si sikuzote kushindwa. Kuna kubomoa kwa hasira, na kuna kubomoa kwa akili, huku unatenga kando mbao zinazofaa tena.

NA SISI HUKU?

Labda unasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa." Reli za dukani ni za bei, kweli. Lakini angalia mtoto wa jirani anayejenga motokaa kwa waya na mikebe. Anakunja waya, anajaribu, gurudumu linakwama, anafungua, anakunja tena. Hakuna aliyemfundisha sheria za mafundi wa Hamburg, lakini anazifuata. Ukimwona, usimwambie, "Acha takataka hizo." Keti kando yake, umwulize: "Mbona inakwenda kuume?" Mwache atafute mwenyewe. Dakika kumi zile ni shule.

Kosa lililo wazi juu ya meza ni mwalimu wa bei ndogo. Kosa lililofunikwa kwa plasta na rangi linabaki palepale, linangojea treni nzito zaidi. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele, lakini kwa yule tu anayegeuka kuangalia jiwe.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Ni kosa gani katika nyumba yetu ao kikundi chetu tumelifunika kwa rangi? Je, bado mkono unaweza kuingia?

2. Kwa juma moja, andikeni kila shida ndogo: ni nani, na ni fasi gani. Kisha someni pamoja. Ni vagoni ao ni reli?

3. Ni kazi gani kubwa tuliyoianza na kuiacha nusu? Ni sehemu gani ndogo tungeweza kuimaliza mwezi huu?

4. Wazazi: mara ya mwisho mtoto wako alipokosa, uliuliza ulizo gani la kwanza?